Siki Imefuata Nini Kwenye Bia? Wasomaji Wanauliza

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu bia nyeusi za Ubelgiji zenye uchachu, hasa zile kali zilizolazwa kwenye mapipa ya mwaloni. Nyingine zimeandikwa na wasomaji walioko hukohuko, nyingine na waliotumiwa chupa na jamaa zao. Tumezifupisha.

Ndugu Mhariri, shemeji yangu aliyeko Antwerp alinitumia chupa ya Oerbier Special Reserva, kileo asilimia 13. Nikaitoa kwenye friji, nikamimina, siki ikanipiga puani. Mdomoni ilikuwa kali na yenye kukwaruza. Iliharibika njiani, au ndivyo ilivyo? (Msomaji, Nairobi)

Yaelekea haikuharibika. Bia hiyo hupikwa Esen, kijiji kilicho karibu na Diksmuide katika Flanders Magharibi, kwenye kiwanda cha De Dolle Brouwers kilichoanza mwaka 1980. Oerbier ya kawaida ina asilimia 9. Special Reserva ni Oerbier iliyolazwa muda mrefu ndani ya mapipa yaliyowahi kuwekwa mvinyo wa Bordeaux. Humo bakteria na hamira za mwitu huendelea kula sukari ambayo hamira ya kwanza ilishindwa kuimaliza, na kileo hupanda sambamba na uchachu. Uchachu, basi, umo kwa kukusudiwa. Lakini hilo halina maana kwamba kila kiasi cha siki ni sawa. Wanywaji wengi hujikuta wanasifu chochote ilimradi chupa ni ya bei na imetoka mbali.

La kujiuliza ni uchachu wa aina gani. Asidi mbili ndizo zinazobeba bia hizi. Asidi ya laktiki, ileile ya mtindi, hukaa ulimini, huleta mate, na karibu haina harufu. Asidi ya asetiki ndiyo siki yenyewe: hupanda puani kabla glasi haijagusa mdomo, kisha huchoma kooni. Ili kuzitenganisha, nusa kwanza bila kuonja. Pua ikikaa kimya halafu ulimi ukashtuka, hiyo ni laktiki. Pua ikishtuka kabla ya ulimi, ni asetiki.

Asetiki kidogo ina kazi yake. Inainua harufu ya matunda na inazuia bia nene isikinaishe. Huzidi pale hewa inapoingia kwenye pipa kupita kiasi, kwa sababu bakteria wanaotengeneza siki hawawezi kuitengeneza bila oksijeni: pipa halikujazwa hadi juu, linavuja, au lilifunguliwa kila mara kwa ajili ya kuonjwa. Tena asetiki ikikutana na kileo huzaa kitu kinachonuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Bia ya asilimia 13 ina kileo tele, kwa hiyo iko karibu zaidi na hatari hiyo kuliko bia ya asilimia 5. Iache glasi dakika kumi. Kama siki imerudi nyuma na pua sasa inapata tende, zabibu kavu, sukari iliyoungua na mbao, bia ni nzima. Kama baada ya dakika kumi bado ni siki na rangi ya kucha tu, hiyo ni kasoro, hata kama lebo ni maarufu.

Tatizo lako, tunavyohisi, ni friji. Kwenye nyuzi 4 utamu na harufu za kimea hujificha, lakini asidi, gesi na ukakasi wa tanini haviondoki. Kwenye baridi hujitokeza hata zaidi. Umeonja mifupa ya bia bila nyama yake.

Basi niinywe na joto gani? Hapa Dar chumba kiko nyuzi 30, na kila mtu ananiambia bia ni baridi. (Msomaji, Dar es Salaam)

Nyuzi 10 hadi 13 kwa bia kali ya aina hii. Zile nyepesi za asilimia 5 au 6 zinakubali 8 hadi 10. Kwa chupa ya mililita 330 iliyotoka kwenye friji ya nyuzi 4, hapo Dar nusu saa juu ya meza inatosha. Chupa ya mililita 750 ipe dakika 40 hivi. Nairobi jioni, chumba kikiwa nyuzi 20, chupa ndogo itahitaji karibu saa nzima. Kipimajoto cha jikoni kikiwepo, kitumbukize kwenye glasi ya kwanza uache kubahatisha. Usiache ipite nyuzi 16: kileo kitaanza kunuka peke yake na kufunika mengine yote.

Chupa isimame wima tangu siku mbili kabla, mashapo yatulie. Mimina kwa mkupuo mmoja, pole pole, glasi ikiwa imeinama, na uache sentimita mbili za mwisho chupani. Mashapo hayadhuru, ila yana ladha ya hamira na uchungu unaovuruga kila kitu. Glasi yenyewe iwe na tumbo pana na mdomo uliobana. Ya mvinyo inafaa kabisa. Isuuze kwa maji mengi safi, maana mabaki ya sabuni au mafuta ya kitambaa huua povu mara moja. Hata glasi ikiwa safi, usitarajie povu la kukaa: kileo kingi na asidi nyingi havipatani nalo. Povu la rangi ya kahawia isiyoiva sana likakaa nusu dakika kisha likabaki kama utepe ukingoni, hilo ni la kawaida.

Kuna mazoezi ya kuufundisha ulimi kabla ya kufungua chupa ya gharama? (Msomaji, Kampala)

Yapo, na ni ya bei ya chini. Nunua chupa mbili za bia nyepesi ya kawaida, mililita 500 kila moja, ugawe kwenye glasi nne za mililita 250. Ya kwanza iache ilivyo. Ya pili tia mililita 5 za siki nyeupe, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Soma lebo: hesabu hii ni ya siki ya asilimia 5, na ikiwa ni ya asilimia 10 tia nusu yake. Utapata takriban gramu moja ya asidi ya asetiki kwa lita. Ya tatu tia mililita 30 za maji ya mtindi usio na sukari, yaliyochujwa kwa kitambaa safi. Kiasi cha asidi kitakaribia kilekile, safari hii cha laktiki. Bia itakuwa na ukungu kidogo, usijali. Ya nne tia siki kama ya pili, kisha vijiko viwili vya chai vya sukari, ukoroge mpaka iyeyuke.

Nusa zote kabla ya kuonja hata moja. Ya pili na ya nne zitanuka sawa. Ya tatu itakuwa karibu na ya kwanza. Sasa onja. Ya nne itaonekana kali kidogo tu ingawa ina siki ileile ya ya pili, kwa kuwa sukari imeufunika ulimi. Pua haikudanganyika. Ndiyo maana bia nyeusi tamu inaweza kubeba asidi nyingi bila mnywaji kujua, na ndiyo maana tunasisitiza kuanza na pua. Ndimu usitumie. Asidi yake ni nyingine kabisa na haimo kwa wingi kwenye bia hizi.

Tuko Watanzania na Wakongomani sita hapa Gent, tunataka kuonja pamoja jioni moja. Tununue nini, na tuzipange vipi? (Wasomaji, Gent)

Mmekaa penyewe. Chukueni chupa moja moja ya mililita 330, au iliyo karibu na kipimo hicho, mkanywe kwa mpangilio huu: Rodenbach ya kawaida (kileo asilimia 5.2), Rodenbach Grand Cru (6), Duchesse de Bourgogne ya kiwanda cha Verhaeghe huko Vichte (6.2), Liefmans Goudenband ya Oudenaarde (8), na mwisho Oerbier Special Reserva (13). Msitangulize Duchesse kabla ya Grand Cru. Duchesse ni tamu, na ulimi uliokwisha zoea sukari utaiona Grand Cru kama siki tupu. Ni kuionea.

Mililita 50 kwa kila mtu kwa kila bia. Jumla yake kwa bia zote tano ni karibu gramu 15 za kileo kitupu, pungufu kidogo ya chupa moja ya nusu lita ya bia ya asilimia 5, yenye gramu 20 hivi. Tunataja hesabu hii kwa sababu chupa ndogo ya Reserva ikinywewa na mtu mmoja ina gramu 34. Ni ndogo kwa macho tu. Aliyeimaliza asiendeshe gari.

Kila glasi ipite hivi. Ishikeni mbele ya karatasi nyeupe: mtaona kahawia iliyokoza, na kwenye ukingo wekundu wa mvinyo. Nuseni mara mbili tatu, pumzi fupi, bila kuizungusha. Harufu nyepesi za matunda hutoka hapo. Zungusheni mara tatu, subirini sekunde ishirini, nuseni tena: sasa huja mbao, ngozi, vanila, siki kama ipo. Fundo la kwanza liwe dogo na msiliwekee maanani, ni la kuzoesha mdomo asidi. La pili, mililita 10 hivi, likae mdomoni sekunde nne au tano, mlimeze, kisha mtoe pumzi kwa pua mdomo ukiwa umefungwa. Bia haitemwi kama mvinyo, maana sehemu ya ladha yake hupatikana baada ya kumeza. Subirini nusu dakika. Kila mtu aandike kabla yeyote hajasema neno. Mmoja akitamka "cheri" tu, wote watazipata cheri.

Na cheri zenyewe, kwa kawaida, hazimo. Kwenye bia za mlolongo huu harufu hiyo huzaliwa na hamira pamoja na asidi. Tende, tini na zabibu kavu hutoka kwenye kimea kilichokaangwa na, kwa baadhi ya watengenezaji, sukari nyeusi. Ulimi wa kwetu mara nyingi hutaja ukwaju kabla ya cheri. Andikeni ukwaju: una uchachu, utamu na weusi kwa pamoja, na unaieleza Goudenband kuliko tunda lolote la Ulaya.

Kati ya bia na bia tumieni maji na mkate mweupe usio na chumvi. Manukato yabaki nyumbani. Chakula baada ya kuonja: nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu kwa bia nyeusi, ambayo hapo Gent mnaipata kila kona, au jibini iliyokomaa. Pilipili msizisogeze karibu na Reserva, kwa kuwa kileo huzidisha mwako.

Nimesoma kwamba Rodenbach hulazwa miaka miwili kwenye mwaloni, lakini sipati ladha ya mbao kama niipatayo kwenye whisky. Pipa linafanya nini basi? (Msomaji, Brussels)

Linatunza vijidudu na kupumua. Kiwanda cha Rodenbach, kilichoanza mwaka 1821 mjini Roeselare, kina mapipa makubwa ya kusimama 294, na yale makubwa kabisa hubeba hekitolita (yaani lita mia) mia kadhaa kila moja. Mengi ni ya zamani sana. Vanila na tanini za mbao zilikwisha oshwa kitambo; kinachobaki ni vitundu vya mwaloni vilivyojaa bakteria na hamira, na oksijeni kidogo kidogo inayopenya. Grand Cru ni mchanganyiko: theluthi mbili bia iliyolala miaka miwili, theluthi moja bia changa inayoipa utamu.

Pipa la Bordeaux ni lita 225. Ukililinganisha na pipa la lita 65,000 lenye umbo hilohilo, kila lita ya bia kwenye pipa dogo inagusa mbao zaidi ya mara sita. Ndiyo maana Reserva ya Esen ina mvinyo, vanila na ukakasi unaoshika ufizi, na ndiyo maana pia hewa huingia kwa kasi zaidi na mwaka mmoja hautoki sawa na mwingine. Goudenband nayo huonyesha upande wa tatu: uchachu wake umetengenezwa bila pipa, kwenye matangi ya chuma. Ionje mara baada ya Grand Cru utaona kilichokosekana. Laktiki ipo, kimea kipo, lakini siki na ule ukavu wa mwisho ni kidogo mno.

Harufu ya zizi la farasi au ngozi mpya, kama umewahi kuipata, ni ya hamira ya mwitu iitwayo Brettanomyces. Jina hilo lilitolewa mwaka 1904 na N. Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, aliyeikuta kwenye bia za Uingereza zilizokomaa. Ikiwa kidogo huongeza kina. Ikifunika matunda, pipa limezidiwa nayo.

Bia moja niliyoinywa ilikuwa nzuri mpaka nilipomeza. Kama nukta kumi baadaye nikapata ladha ya kizimba cha panya. Mwenzangu hakusikia chochote. (Msomaji, Brussels)

Umeeleza kasoro yenyewe, na wataalamu huiita kwa jina hilohilo la panya. Hutengenezwa na bakteria wa laktiki au Brettanomyces pale oksijeni ilipoingia, mara nyingi wakati wa kujaza chupa. Kwenye bia yenye asidi kali haitoi harufu, kwa hiyo pua haikuonyi. Ukimeza, mate hupunguza asidi, nayo hujitokeza, ikifanana na biskuti za chumvi zilizovunda au kizimba. Watu hutofautiana sana katika kuisikia, na wengine hawaisikii kabisa, mwenzako hakukosea.

Ya kuthibitisha: sugua matone mawili nyuma ya mkono, subiri kidogo, unuse. Au chukua mililita 30 za bia, tia chembe za magadi ya kuokea, zikimaliza kutoa mapovu unuse. Kama ipo itatokeza wazi. Chupa nyingine za toleo hilo usizimwage. Ziweke miezi sita au zaidi, kwani mara nyingine hupungua yenyewe.

Siagi iliyoyeyuka ni kasoro nyingine. Huachwa na bakteria aitwaye Pediococcus, na kwa kawaida Brettanomyces huisafisha ikipewa muda. Ukiikuta kwenye chupa, bia ilitolewa pipani mapema. Harufu ya boksi lililolowa ni oksijeni. Ya sosi ya soya ni hamira iliyokufa ikakaa mno kwenye joto.

Mbege nayo ni chachu. Tofauti ni ipi, mbali na bei? (Msomaji, Moshi)

Muda na uchungu. Mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, hunywewa ndani ya siku chache, ingali inachemka. Uchachu wake ni wa laktiki zaidi, haujapata wakati wa kugeuka siki, na akichelewa mnywaji hugeuka kweli. Za Flanders hupewa miezi au miaka ili asidi zitulie na hamira ya mwitu imalize sukari.

Kwenye uchungu zinafanana kuliko watu wanavyodhani. Mbege hutiwa gome la msesewe, bia hizi hutiwa hopsi, yaani maua machungu ya kuungia bia, lakini chache, kwa kuwa hopsi nyingi huwazuia bakteria wa laktiki. Mpishi wa Roeselare anayetaka uchachu hawezi kumwaga hopsi kama mpishi wa bia chungu. Aliyekulia kwenye kata ya mbege atazipenda haraka kuliko aliyezoea bia nyepesi ya chupa, ila asizinywe kwa kata.

Nataka kuweka chupa chache Mombasa kwa miaka mitatu. Zitafika? (Msomaji, Mombasa)

Kabatini hazitafika. Bia hizi zinataka giza na nyuzi 12 hadi 15. Kwenye nyuzi 30 kuzeeka huenda kasi maradufu au zaidi, tena vibaya: utapata boksi na soya kabla ya tende. Friji ndogo ya mvinyo iliyowekwa nyuzi 13 ndiyo suluhisho. Ikikosekana, friji ya kawaida, ambako bia haitakomaa sana lakini haitaoza. Zisimame wima hata zenye kizibo cha koki. Mwanga wa jua usizifikie. Chupa ya kahawia husaidia, haizuii yote.

Si kila chupa inafaa kuwekwa. Duchesse na Rodenbach ya kawaida zinywe ndani ya mwaka, zilishakomazwa kabla hujazinunua. Goudenband na Reserva zinastahili subira. Ya Reserva ijue hivi: gesi yake inategemea hamira iliyochoshwa na kileo na asidi, kwa hiyo chupa nyingine hubaki karibu tuli. Tuli si mbovu. Ila kizibo cha chupa hiyo kikiwa na unyevu au ukoko wa sukari ukingoni, imekuwa ikivuja na kuvuta hewa. Hiyo ifungue wiki hii, na ukikuta siki tupu, itie kwenye nyama ya kuchemsha: mililita 200 kwa kilo moja, pamoja na kijiko kikubwa cha sukari guru, na usiongeze ndimu.